Bozon, Mshambuliaji Aliyelipwa kwa Kuzuia

Tarehe 20 Mei 2019, mjini Košice nchini Slovakia, Ufaransa ilikuwa inaongoza Uingereza kwa mabao 3-0. Ilikuwa mechi ya mwisho ya timu hizo mbili katika michuano ya dunia ya hoki ya barafuni, na hesabu yake haikuhitaji kalamu: atakayefungwa anashuka daraja. Uingereza ilikuwa imepanda juzijuzi tu. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa ikihangaika daraja la tatu. Robert Dowd akafunga. Mike Hammond akafunga. Robert Farmer akasawazisha. Zikaingia dakika za nyongeza, watatu kwa watatu kwenye uwanja mpana, na Ben Davies akapachika la nne. Ufaransa, iliyokuwa haijashuka tangu iliporejea kundi la juu mwaka 2008, ikashuka. Kwenye benchi lake alikuwa amesimama Philippe Bozon, ambaye kwangu mimi ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote waliotoka katika hoki ya nchi hiyo.

Hukumu ya haraka ni hii: Bozon alikuwa mshambuliaji, na mshambuliaji ukimpa timu hajui kulinda bao. Siikubali hukumu hiyo hata kidogo. Naikataa kwa sababu ya kazi aliyolipwa kuifanya Marekani alipokuwa kijana. Naikataa pia kwa sababu inatupitisha mbali na tatizo lenyewe, ambalo lilikuwapo kabla yake na bado lipo baada yake: Ufaransa inajua kulea washambuliaji, haijui kulea mabeki.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, kila timu huwa na kipa na wachezaji 5 barafuni, mabeki 2 na washambuliaji 3, katika vipindi 3 vya dakika 20. Hakuna anayekaa ndani kwa muda mrefu. Baada ya kama sekunde 45 mapafu yanawaka moto, mchezaji anarukia benchi na mwenzake anaruka kuingia, mchezo ukiwa unaendelea. Kinachogombewa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye unene wa sentimita 2.5, na mpigaji mzuri hukipeleka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Beki ndiye mwenye somo gumu kuliko wote. Inambidi ateleze kinyumenyume kwa kasi ileile anayokuja nayo mshambuliaji, macho yake yakiwa kifuani mwa mpinzani, kwa maana kisahani hudanganya lakini kifua hakidanganyi. Mtoto wa miaka 8 anaweza kujifunza kufunga kwa siku chache za furaha. Kurudi nyuma hivyo kunataka miaka, na miaka yenyewe haina shangwe.

Bozon alizaliwa tarehe 30 Novemba 1966 Chamonix, chini ya Mont Blanc, mji ulioandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Baba yake, Alain, naye alikuwa mchezaji wa hoki. Ufaransa si mgeni katika mchezo huu kama wengi wanavyodhani. Shirikisho la kimataifa liliundwa Paris mwaka 1908 na rais wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Louis Magnus; jina lake ndilo linalobebwa hadi leo na ligi kuu ya nchi hiyo, Ligue Magnus. Lakini kuasisi jambo ni kitu kimoja, na kulitawala ni kingine. Wakanada, Warusi, Waswidi na Wacheki walikwenda zao, Ufaransa ikabaki ikichungulia.

Kijana huyo akavuka bahari kwenda Quebec, akacheza ligi ya vijana, na klabu ya St. Louis Blues ya Marekani ikamsaini. Kusainiwa hakukumaanisha kucheza. Alirudi nyumbani, akazichezea klabu za milimani, akashiriki Olimpiki ya Calgary mwaka 1988, na mlango wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ukabaki umefungwa. Uliofungua mlango huo ni Februari 1992.

Michezo ya Albertville ilifanyika nyumbani kwao, kwenye safu ileile ya milima, na mechi za hoki zikapigwa Méribel. Ufaransa iliifunga Uswisi 4-3, ikaifunga Norway 4-2, na ilipopoteza mbele ya Kanada ilipoteza kwa bao moja tu, 3-2. Ikaingia robo fainali. Marekani iliitoa kwa 4-1, lakini Wafaransa walimaliza wa 8, nafasi ambayo mwaka mmoja kabla hakuna ambaye angeitaja mbele za watu bila kuonekana mlevi. Tazama hata hivyo ukuta wa timu ile ulivyojengwa. Golini alikuwa Petri Ylönen, mzaliwa wa Ufini. Miongoni mwa mabeki alikuwa Serge Poudrier, mzaliwa wa Thetford Mines, Quebec. Kocha, Kjell Larsson, alikuwa Mswidi. Simnyang'anyi mtu uraia wake. Waliivaa jezi na waliitolea jasho. Nasema tu kwamba tangu enzi zile, bao lilikuwa la nyumbani na tofali la ukuta mara nyingi lilikuwa la kuazima.

Mwezi uliofuata, Machi 1992, Bozon alikuwa St. Louis, mchezaji wa kwanza aliyelelewa na hoki ya Ufaransa kucheza NHL. Hapo ndipo kisa chake kinaponivutia kuliko popote. Blues walikuwa na Brett Hull, aliyefunga mabao 70 msimu huohuo. Timu yenye mtu wa mabao 70 haina shida ya Mfaransa wa kufunga. Ilikuwa na shida ya mtu wa kukaba. Kwa hiyo yule ambaye Ufaransa ilimtegemea kwa mabao akapewa kazi ya kuwabana wafungaji wa wengine, na ya kuingia barafuni timu inapocheza pungufu.

Kucheza pungufu ni hivi. Mwenzako amefanya kosa, ametolewa, amekaa kwenye kibanda cha adhabu kwa dakika 2. Mmebaki wanne dhidi ya watano. Mnajipanga mbele ya kipa kama miguu minne ya meza. Wapinzani wanazungusha kisahani nje ya meza hiyo, kushoto, juu, kulia, wakingoja mmoja wenu ashikwe na tamaa ya kukifuata. Ukikifuata umeacha mlango wazi. Basi unavumilia, gongo limelala barafuni kuziba njia ya pasi, goti moja liko tayari kushuka. Mpigaji akiinua gongo lake, unajitupa mbele ya shuti likupate wewe kwenye kifundo cha mguu au mbavuni. Kisahani kikiangukia miguuni pako hupigi chenga. Unakifyatua hadi mwisho wa uwanja na kulikimbilia benchi. Wanaokupigia makofi ni wenzako walioko kwenye benchi hilo, wakigonga magongo yao kwenye ukuta wa mbao. Jukwaani watu wanamsubiri Hull.

Bozon aliishi hivyo katika mechi 144 za msimu wa kawaida. Mabao 16, pasi za mabao 25. Ukizisoma takwimu hizo bila kujua kazi aliyopewa, utasema alishindwa. Mimi nazisoma kinyume. Mshambuliaji asiyefunga sana hudumu kwenye ligi ile kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kocha anamwamini pale mambo yanapokuwa mabaya. Baadaye alikwenda Ujerumani, akawa na Adler Mannheim walipotwaa ubingwa mwaka 1997, 1998 na 1999, kisha Uswisi. Alicheza Olimpiki za Nagano 1998 na Salt Lake City 2002. Mwaka 2008 shirikisho la kimataifa likamweka katika jumba lake la magwiji.

Sasa angalia waliomfuata. Pierre-Édouard Bellemare, aliyekulia katika viunga vya Paris, aliingia NHL mwaka 2014 akikaribia umri wa miaka 30, akacheza karibu mechi 700 akiwa na Philadelphia, Vegas, Colorado, Tampa Bay na Seattle. Mshambuliaji kwa karatasi. Kwa kazi halisi alikuwa mtu wa mstari wa nne, yaani lile kundi la mwisho la washambuliaji watatu wanaoingia kwa zamu, mtu wa kucheza pungufu, mtu wa kushinda ule mwanzo wa mchezo pale kisahani kinapodondoshwa kati ya wawili karibu na lango lake. Antoine Roussel wa Roubaix alikula mkate wake kwa kuwasumbua wapinzani hadi wakakosea. Wote watatu ni washambuliaji waliovuka bahari na kugundua kwamba mshahara uko kwenye kuzuia.

Na beki je? Yupo mmoja wa kumtaja, Yohann Auvitu, mzaliwa wa Ivry-sur-Seine. Alijipika Ufini kwa miaka mingi, na msimu wa 2015–16 akiwa na HIFK ya Helsinki alitunukiwa tuzo ya beki bora wa ligi ya huko. New Jersey wakamchukua, akacheza mechi 25. Mwaka uliofuata Edmonton, mechi 33. Kilichowavutia kwake ni miguu yake na namna alivyokuwa akipanda na kisahani kwenda mbele, na kuna nyakati makocha walimsogeza kabisa acheze pembeni kama mshambuliaji. Yaani beki pekee wa Kifaransa aliyefika pale alithaminiwa kwa kushambulia, na washambuliaji walithaminiwa kwa kukaba. Sioni kuwa ni bahati mbaya tu. Mchezaji wa Ufaransa huanza kufundishwa kuzuia kwa dhati akishakuwa mtu mzima, ugenini, na wageni.

Sababu yake haijafichika. Beki hukua kwa kupambana na mtu anayemzidi. Akikosea dhidi ya mshambuliaji hodari anaadhibiwa papo hapo, na adhabu ndiyo mwalimu wake. Katika nchi ambayo hoki iko nyuma ya mpira wa miguu, raga, mpira wa mikono na hata kuteleza milimani, washambuliaji hodari wa kumwadhibu hawatoshi. Kosa la beki wa miaka 15 linapita bila bao, naye anaondoka akidhani alifanya vizuri. Halafu anapanda ligi kuu na kukuta nafasi kadhaa za ukuta zimeshajazwa na wageni wazoefu, kwa kuwa klabu inayotaka kushinda Jumamosi haina subira ya kumlea mtu.

Dave Henderson, mzaliwa wa Winnipeg aliyehamia Ufaransa na kuwa mwenzao, aliifundisha timu ya taifa kuanzia 2004 hadi 2018. Aliujua upungufu huo na akaufunika kwa ustadi mkubwa. Timu yake ilikaa nyuma, ikajazana katikati, ikamwachia kipa mashuti ya pembeni na kungoja nafasi ya kukimbia. Kwa mtindo huo iliifunga Urusi 2-1 mwaka 2013 mjini Helsinki. Mwaka 2014 Minsk iliifunga Kanada 3-2 kwa penalti. Mwaka 2017, mbele ya watu wao Paris, iliichapa Ufini 5-1, na wiki hizohizo wakongwe Cristobal Huet na Laurent Meunier wakaiaga timu ya taifa. Huet ni kipa aliyekuwemo Chicago ilipotwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, mwaka 2010. Ukuta wenye nyufa unaweza kusimama miaka mingi kama nyuma yake kuna kipa wa namna hiyo.

Bozon alikabidhiwa timu mwaka 2018, baada ya kuifundisha Boxers ya Bordeaux. Hatimaye benchi likawa na mtoto wa Chamonix. Michuano yake ya kwanza ya dunia ndiyo hiyo ya Slovakia, na mechi ya mwisho ndiyo hiyo ya Košice.

Nimeirudia mechi hiyo zaidi ya mara moja, na simtoi lawamani. Timu inayoongoza 3-0 ina kazi inayojulikana: kufupisha zamu, kusukuma kisahani nyuma ya mabeki wa wapinzani, kubadilisha mstari, kurudia tena, kuifanya saa iende na jukwaa lisinzie. Ni kazi ya kuchosha isiyo na urembo. Ufaransa haikuifanya kwa dakika za kutosha, na kocha ndiye anayejibu kwa hilo. Lakini mtu aliyedumu St. Louis kwa kazi hiyohiyo hatuwezi kusema hakuijua. Alichokosa ni watu walioijua kabla hawajafika kwake. Kocha wa taifa anakaa na wachezaji wiki chache kwa mwaka. Katika wiki hizo anaweza kuwapa mpango, anaweza kuwapa moyo, anaweza kuamua nani aingie dakika za lala salama. Hawezi kumpa beki wa miaka 26 ile silika ya kurudi nyuma ambayo ilipaswa kuingia mwilini akiwa na miaka 12. Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa umekaa kwenye kochi, kulinda mabao 3 ni jambo dogo.

Yaliyofuata yananipa sababu ya kushikilia msimamo huu. Michuano ya 2020 ilifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 Ufaransa ilirudi kundi la juu kujaza pengo baada ya Urusi na Belarus kufungiwa, na chini ya Bozon ilibaki pale mwaka huo na mwaka 2023. Kisha akaingia Yorick Treille. Mei 2025 timu ikashuka tena. Kocha mwingine, wachezaji wengi wapya, anguko lilelile. Tiketi ya Olimpiki ya Milano Cortina 2026 nayo ilipatikana kama mbadala wa Urusi, ikiwa mara ya kwanza kwa Ufaransa tangu Salt Lake City 2002, ambako Bozon mwenyewe alikuwa uwanjani. Kama kasoro ingekuwa mtu mmoja, ingeondoka naye.

Kuna jambo dogo la kifamilia ambalo kwangu lina uzito. Mwanawe Tim alizaliwa St. Louis mwaka 1994, akachaguliwa na klabu ya NHL ya Montréal mwaka 2012, na mwaka 2014 akaugua homa ya uti wa mgongo akiwa na timu yake ya vijana Kanada, wakati ambapo kuishi kwenyewe kulikuwa mashakani. Alipona, akarudi uwanjani, na akaja kuichezea Ufaransa baba yake akiwa kocha. Nafasi anayocheza ni winga. Hata katika nyumba ya mtu aliyelipwa kwa kuzuia, mtoto alikua akitaka kufunga. Simlaumu mtoto. Ndivyo walivyo watoto kila mahali.

Nairobi wanalijua hilo. Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya huko, walikulia kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, kiwanja kisichofikia vipimo vya kimataifa, na Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Rais wa shirikisho wakati huo alikuwa Luc Tardif, Mquebec aliyecheza Rouen na kuongoza hoki ya Ufaransa kabla ya kuchaguliwa mwaka 2021. Kwenye kiwanja kifupi beki hana hata mita za kutosha za kujifunza kurudi nyuma. Wakenya wakitaka kusoma kwa nchi iliyotangulia, Ufaransa ni kitabu kizuri, kwa mazuri yake na kwa kurasa hizo za ukuta.

Treille naye, kama Bozon, alikuwa mshambuliaji. Sina ugomvi naye, wala na washambuliaji. Ila tangu 2018 sauti kuu kwenye benchi la Ufaransa imekuwa ya mtu aliyeuona uwanja akielekea mbele. Beki anauona ukimjia wote kwa pamoja. Anajua mapema nani hajarudi, nani amechoka, pasi ipi itakatwa. Nchi hiyo ina watu wa namna hiyo. Baptiste Amar wa Gap alisimama kwenye ukuta wa taifa kwa zaidi ya muongo mmoja na alikuwa nahodha wa Grenoble. Auvitu amefanya kazi Ufini, Marekani, Kanada na Urusi.

Ningekuwa na neno katika shirikisho lao nisingeanza na kocha mkuu. Ningekwenda kwa timu za watoto wa miaka 12 hadi 14, Grenoble, Rouen, Amiens, Chamonix, Bordeaux, na kila moja ningeiwekea mwalimu wa kudumu, mwenye mshahara unaoeleweka, aliyewahi kuteleza kinyumenyume kwa kulipwa.